Shangazi, ubalozi haukuamini kwamba nitarudi Kirumba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 47, mjane, naishi Nyasaka, Ilemela, hapa Mwanza. Kazi yangu ni dagaa. Nina kizimba Mwaloni Kirumba. Nanunua kwa jumla mzigo unaotoka kambi za visiwani, nachambua, nafunga magunia. Wateja wangu wakubwa wanatoka Kongo na Rwanda, wengine Kahama na Dar es Salaam. Dagaa hao hao wamenijengea nyumba na wanasomesha watoto wangu wawili, mkubwa yuko chuo kikuu, mdogo kidato cha tatu.

Tangu nasoma nilipenda jiografia. Mwalimu wetu alikuwa anachora ramani ya Ulaya ubaoni bila kufungua kitabu: mto Rhine, milima ya Alps, Italia inavyoingia baharini. Niliishia kidato cha nne lakini ramani ile haikunitoka. Mume wangu alipofariki niliweka nadhiri kwamba watoto wakifika mahali pa kueleweka, nitakwenda kuona kwa macho yangu. Siendi kutafuta kazi wala mume. Nataka kutembea tu, kama wanavyokuja wao kutembea kwetu.

Basi mwaka huu nikaona wakati umefika. Nilipanga kuondoka tarehe 15 Machi na kurudi 6 Juni, siku 84, nchi saba. Nilisikia viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inaruhusu hadi siku 90, nikasema kama nalipa nauli yote hiyo acha nizitumie. Miezi hiyo kwangu ni ya mvua, dagaa hawakauki, biashara inalala. Fedha ninazo. Desemba tulivunja kikoba nikapata milioni 11, na wateja wa Kongo wakanilipa deni la milioni 8. Nikaziweka benki zote siku moja, milioni 19. Kabla ya hapo akaunti ilikuwa na kitu kidogo, kwa sababu mimi natumia M-Pesa na fedha taslimu.

Mwezi Januari nikapanda basi hadi Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa nchi moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Nilipeleka leseni ya biashara, taarifa ya benki, bima, hoteli ya usiku nne za mwanzo, na barua ya mistari mitatu aliyoniandikia kijana wa steshenari. Nikachukuliwa alama za vidole. Dirishani mama mmoja aliniuliza maswali machache. La mwisho lilikuwa, siku zote hizo biashara atabaki nayo nani? Nikamjibu, "Watu wapo."

Jibu likaja nimenyimwa. Ile karatasi ina visanduku vingi, viwili vimetiwa alama. Kimoja kinasema sikueleza vya kutosha madhumuni na mazingira ya safari yangu. Cha pili kinasema wana shaka kama nina nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Shangazi, nililia. Mimi nikimbie nyumba yangu, kizimba changu na wanangu, nikajifiche kwa watu?

Sokoni wote wanajua. Wenzangu wa kikoba walishashona sare ya kitenge ya kuniaga. Sasa kila nikipita naulizwa, "Hujaondoka tu?" Na kuna kijana amenifuata, anasema ana mtu wa ndani. Anataka milioni sita. Atanitengenezea barua kwamba mimi ni mhasibu wa kiwanda cha samaki, na taarifa ya benki yenye milioni 60.

Naomba unishauri. Nikate rufaa? Niombe ubalozi mwingine ambao watu wanasema ni mwepesi? Nimfuate huyu kijana? Au niachane na hii ndoto, nimalizie uzio wa nyumba? Nimekuambatanishia nakala za kila kitu, pamoja na miamala ya M-Pesa.

Ni mimi,
Mama wa Mwaloni, Ilemela

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanza na huyo kijana, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na yeye hasubiri. Usimpe hata shilingi, na pasipoti yako asiishike kabisa. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hakuna malipo ya pembeni yanayoongeza uhakika. Anachokuuzia kwa milioni sita ni karatasi mbili za kughushi zenye jina lako. Siku afisa akipiga simu kiwandani kuuliza kama wana mhasibu wa jina hilo, atakayeandikwa ni wewe, kishoka hayumo kwenye faili. Leo umenyimwa kwa shaka, na shaka inaondolewa kwa maelezo. Ukishaandikwa kwamba uliwasilisha hati za uongo, hilo halifutiki kwa barua nzuri. Uingereza, kwa mfano, humfungia mtu wa namna hiyo hadi miaka 10. Na hapa kwetu kughushi ni jinai.

Kuna jambo lingine linaloniuma katika mpango wake. Wewe unayenunua mzigo, unayepanga bei, unayewalipa watu, uombe viza kwa kujifanya mwajiriwa wa mtu? Biashara yako ndiyo sababu yako kubwa ya kurudi Mwanza, naye anataka uifute kwenye karatasi.

Sasa tuishike ile barua ya ubalozi. Fomu hiyo ya kukataliwa ni ya aina moja kwa nchi zote za Schengen, sababu zimepangwa kwa visanduku. Watu wengi wakiiona wanasoma neno moja tu, kwamba wamekataliwa, kisha wanakimbia kukopa fedha wajaze akaunti. Angalia vizuri: kisanduku cha fedha kwako hakikutiwa alama. Hawakusema huna uwezo. Wamesema hawakuelewa unakwenda kufanya nini, na hawakuona kinachokurudisha. Kwa hiyo milioni 60 za bandia hazijibu hata swali moja kati ya yale uliyoulizwa.

Jiweke kwenye kiti cha yule mama wa dirishani. Mbele yake kuna mjane aliyejiajiri, ambaye pasipoti yake haina muhuri nje ya Afrika Mashariki. Anaomba siku 84 kati ya 90 zinazoruhusiwa. Akaunti ilikuwa karibu tupu, ghafla siku moja zimeingia milioni 19. Hoteli ni ya usiku nne, usiku 79 haujulikani atalala wapi. Barua yake inasema, nanukuu nakala uliyonitumia kwa Kiswahili, kwamba anapenda kutembelea Ulaya na kufurahia mandhari. Akiulizwa biashara anamwachia nani, anajibu watu wapo. Kila kimoja peke yake hakina ubaya. Vikikaa pamoja kwenye meza ya mtu asiyekujua, ambaye sheria inamtaka apime kama utarudi, ndipo kisanduku kinapotiwa alama.

Nimekasirika kwa niaba yako, na nasema wazi. Wageni wanashuka Mwanza kila wiki, wanavuka kwenda Saanane, wanaingia Serengeti, na hakuna anayewauliza kama watakimbilia Igoma wakauze mitumba. Mama wa Kirumba akitaka kuona mto aliochorewa ubaoni, lazima athibitishe kwamba hasemi uongo. Si haki. Lakini hasira yangu haitakupa viza, kwa hiyo turudi kwenye karatasi.

Nimekaa na miamala yako ya M-Pesa jioni nzima. Fedha zinaingia kwa kasi majuma mawili au zaidi, kisha siku kadhaa kimya, kisha zinaingia tena. Mwezi baada ya mwezi. Mtu yeyote wa kanda ya ziwa anajua sababu: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika, mzigo haushuki Mwaloni. Afisa aliyeko Dar es Salaam, tena mgeni, hajui hilo. Yeye anaona biashara inayokufa na kufufuka. Mistari miwili ya maelezo ingegeuza udhaifu huo kuwa ushahidi, maana mtu wa kughushi hawezi kubuni miamala inayofuata mwezi wa angani.

Halafu kuna hili la mvua, ambalo umelitaja kwangu kwa kupita tu. Masika dagaa hawakauki, wanaharibika, wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kuanzia Juni jua linakaza, mchanga na vichanja vinajaa, wanunuzi wa Kongo wanarudi, na hapo ndipo unapopata fedha ya mwaka mzima. Wewe ulipanga kuondoka biashara ikiwa imelala na kurudi tarehe 6 Juni, mlangoni mwa msimu! Mwanangu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ulizonazo, na hukuiandika popote. Mfanyabiashara gani anaacha kiangazi kimpite ili akaoshe vyombo ugenini?

Tuje kwenye zile milioni 19. Ni halali, lakini zimeingia kwa sura ya fedha za kuazima. Afisa wa viza anazijua akaunti zinazojazwa na ndugu juma moja kabla ya maombi na kukaushwa juma moja baadaye. Dawa yake ni kuonyesha zilikotoka. Kwa kikoba, pata nakala ya ukurasa wa daftari wenye hisa zako, muhtasari wa kikao cha kugawana, na barua ya viongozi yenye muhuri. Kama kikundi chenu kimesajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vile vikundi vya daraja la nne, ambatanisha na cheti. Kama hakijasajiliwa, sukuma wenzako mkisajili. Kwa fedha za Kongo, tafuta kumbukumbu za mzigo uliokwenda, risiti, ujumbe wa malipo. Na kuanzia juma hili acha kuweka mauzo kabatini. Peleka benki kila baada ya mauzo, hata kama ni laki tatu. Usikope ili salio lionekane kubwa. Akaunti yenye miezi kadhaa ya kuingia na kutoka, inayolingana na leseni yako na kodi unayolipa, ina nguvu kuliko salio nono la siku moja.

Kingine ulichokiacha nyumbani ni maisha yako yenyewe. Hati ya kiwanja cha Nyasaka, au barua ya toleo kama hati bado. TIN na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chuo ya mkubwa na risiti ya ada ya mdogo. Cheti cha kifo cha marehemu, maana afisa akisoma kwamba uliolewa atataka kujua mume yuko wapi. Zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, kwa lugha ambayo ubalozi husika unaitaja kwenye orodha yao.

Na hao "watu wapo" ni akina nani? Umeniandikia pembeni ya nakala mojawapo kwamba mdogo wako mnafanya naye kazi tangu marehemu alipofariki, yeye ndiye anapokea mzigo unapougua. Basi mtaje! Aandike barua yake: jina, namba ya kitambulisho cha taifa, kazi anayofanya, na kwamba anasimamia kizimba kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Mkaipige muhuri kwa wakili. Ukiulizwa tena dirishani, jibu lako liwe, "Mdogo wangu, hii hapa barua yake, na Juni nikirudi tunaanza msimu." Sisi kwetu kujibu kwa kifupi ni adabu, na mtu anayejieleza sana tunamwona ana jambo. Dirishani pale ni kinyume chake, anayejibu kwa ufupi anaonekana anaficha. Jizoeze na mwanao wa chuo, akuulize maswali ya ukali kidogo.

Ile barua ya mistari mitatu itupe. Kaa chini uandike mwenyewe kwa Kiswahili, kama ulivyoniandikia mimi, kisha itafsiriwe. Hujui tu jinsi barua yako kwangu ilivyo nzuri: yule mwalimu na ramani yake ndiye aliyenifanya niamini mara moja kwamba huyu mama kweli anakwenda kutembea. Iwe ukurasa mmoja. Kitu kama hiki:

"Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa leseni namba fulani. Mapato yangu hupungua kila mwezi siku za mbalamwezi, na hushuka sana Machi hadi Mei kwa sababu ya mvua, kama miamala yangu inavyoonyesha. Ndiyo maana nasafiri Aprili. Msimu wangu mkubwa unaanza Juni, na lazima niwepo. Januari mwaka jana niliomba viza nikakataliwa. Safari ile ilikuwa ndefu na sikuieleza vizuri. Sasa nimeifupisha, na naambatanisha uthibitisho wa kila siku ya safari, chanzo cha fedha zangu, na mtu atakayesimamia biashara."

Umeona nimeweka kukataliwa humo humo. Usilifiche. Nchi za Schengen zinatumia hifadhi moja ya kumbukumbu za viza, na maombi yako pamoja na jibu lake yanakaa humo miaka 5. Ubalozi wowote kati yao ukifungua jina lako unaona. Hata ukija kuomba Uingereza au Kanada, fomu itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza, nawe utajibu ndiyo. Kunyimwa mara moja hakukuharibii, uongo kuhusu kunyimwa ndio unaoharibu.

Hapo hapo nimekujibu habari ya ubalozi mwepesi. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, nchi utakayoingia kwanza. Ukiomba nchi fulani kwa sababu wanasema hawana usumbufu, huku hoteli zako nyingi ziko kwingine, unaongeza shaka juu ya shaka.

Sasa neno ambalo huenda hutalipenda. Punguza safari. Najua nauli inauma na unataka kuifaidi. Lakini siku 84 kwa mtu ambaye hajawahi kuingia Ulaya ni ombi zito, hata kwa mwenye mshahara, maana mwajiri gani anatoa likizo ya karibu miezi mitatu? Na hesabu yenyewe imebana. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 2,900, milioni 19 zako ni kama euro 6,500. Ukigawa kwa siku 84 unabaki na euro 78 hivi kwa siku, za kulala, kula na treni. Kila nchi ina kiwango chake. Ufaransa huhesabu euro 120 kwa siku kwa mgeni asiye na hoteli iliyolipiwa, na kwa siku 84 hiyo ni zaidi ya euro 10,000. Ukiomba siku 21, fedha zile zile zinakupa zaidi ya euro 300 kwa siku, na hakuna atakayeuliza utaishije.

Na unaweza kuona ulichokitamani ndani ya siku hizo 21. Huhitaji nchi saba. Rhine inapita magharibi mwa Ujerumani, na Alps ziko kusini mwa nchi hiyo hiyo, Bavaria. Kutoka Munich kuna treni inayopita Brenner, katikati ya milima, hadi Verona, Italia. Ukilala usiku 13 Ujerumani na 7 Italia, umeona mto, umeona milima, umeingia kwenye ile rasi ya mwalimu wako, na inaeleweka ubalozi gani uombe. Huo ni mfano tu, panga utakavyo, ila kila usiku uwe na mahali. Tafuta hoteli zinazokubali kufutwa bila gharama, na tiketi ya ndege iwe ya kushikiliwa tu. Usilipe nauli kamili kabla ya viza. Bima iwe ya kufidia angalau euro 30,000 na ihusu siku zote za safari. Hiyo ulikuwa nayo, hongera.

Ndoto ya safari ndefu hujaizika kwa kufanya hivi. Kanuni za Schengen zinasema aliyepata viza 3 ndani ya miaka 2 na kuzitumia kihalali hupewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, baadaye ya miaka 2, kisha ya miaka 5, mradi hali yake haijabadilika. Kikomo cha siku 90 ndani ya kila siku 180 kinabaki pale pale, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kwa hiyo nenda, rudi kwa tarehe uliyoandika, na tunza kila karatasi ya safari hiyo. Ukiomba tena baada ya kuondoka na kurudi kwa wakati, ile shaka ya kutorudi unaijibu kwa pasipoti. Siku 84 ziombe wakati huo.

Rufaa unayo haki nayo, na muda wake na mahali pa kuipeleka vimeandikwa kwenye barua uliyopewa. Kila nchi na utaratibu wake. Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Julai 2025 imefuta njia ya kuuomba ubalozi wenyewe utazame upya, anayepinga anakwenda mahakamani au anaomba upya. Kwako sioni faida. Rufaa inafaa pale ulipopeleka kila kitu na wao wakakosea. Faili lako la Januari lilikuwa na mapengo ya kweli, na kulipigania ni kupigania karatasi ambazo hata mimi zisingeniridhisha. Omba upya. Hakuna sheria inayokutaka usubiri muda fulani, lakini ukirudi kesho na karatasi zile zile utapata jibu lile lile, na ada hairudishwi.

Siwezi kukuahidi viza. Anayekuahidi ni yule kijana, na umeshaona anaahidi kwa nini.

Kuhusu watu wa sokoni, waambie ukweli kwa sentensi moja: nilinyimwa, naomba tena mwakani. Anayekupenda atanyamaza, na asiyekupenda atachoka. Wale wenzako wa kikoba usiwakwepe. Walishona kitenge kwa sababu walifurahi mmoja wao anakwenda, na ndio hao hao utakaowaomba barua, daftari na muhuri. Waite nyumbani, uwasomee barua ya ubalozi ilivyo, uwaeleze unachohitaji kutoka kwao. Huenda yuko mwingine kati yao mwenye hamu kama yako ambaye hajawahi kuisema.

Na uzio? Ujenge, kama fedha ya safari haiguswi. Nyumba iliyokamilika ni moja ya vitu vitakavyosema kwamba unarudi.

Kwa ratiba, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa linaweza kufika 45. Alama za vidole ulizotoa zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, ila ubalozi unaweza bado kukuita dirishani, kwa hiyo tenga nauli ya Dar es Salaam. Tangu sasa hadi Desemba pitisha mauzo benki. Oktoba shughulikia TRA na tafsiri. Desemba mkivunja kikoba, fedha iingie benki siku ile ile pamoja na muhtasari wa kikao. Safari iwe Aprili, siku 21, na miadi ya ubalozi omba ya Januari.